Mji Uliopotelewa na Jina

Jumamosi moja ya msimu wa kaskazi uliopita, nalitoka kwangu Kiembeni baada ya chai ya asubuhi, nikapanda matatu iendayo Mtwapa, nikavuka daraja la mkono wa bahari na kushuka mbele kidogo ya mji, pale njia ya Jumba la Mtwana inapokata kulia kuelekea pwani. Haikuwa mara yangu ya kwanza. Nimekuwa nikenda huko tangu ni kijana, na kila dunia inaponibana hupenda kukaa chini ya mibuyu ile nikasikiliza bahari. Mke wangu husema mimi nina mke wa pili, na mke huyo ni magofu. Simkatalii.

Siku hiyo nalimkuta mgeni mmoja wa Kizungu, mtu mzima wa umri wangu au zaidi, amesimama peke yake kwenye birika la ule msikiti ulio karibu na maji. Alikuwa ametoka hotelini na kitabu chake mkononi, akiyatazama mawe ya kusugulia nyayo yaliyo kando ya birika. Nikamsalimu. Akaniuliza mawe yale ni ya nini, nikamweleza kuwa mwenye kutia udhu huosha miguu, akaisugua juu ya jiwe, kisha akaingia msikitini nyayo zikiwa safi. Alifurahi sana. Tukazunguka pamoja, Kiingereza chake cha kuungaunga na changu kikisaidiana, mpaka akaniuliza swali ambalo halijaniondoka kichwani hata leo.

"Mji huu uliitwaje?"

Nikamjibu mara moja, "Jumba la Mtwana."

"Hilo nimelisoma langoni," akasema. "Lakini wao wenyewe, waliokuwa wakisali hapa, waliuitaje?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Msomaji mpenzi, wewe uliyezaliwa pwani hii, hebu nawe jaribu kumjibu. Jumba la Mtwana maana yake ni jumba kubwa la mtumwa mwanamume. Je, yuko mtu mwenye akili zake atakayejenga mji wa mawe, akautia misikiti minne, akachimba visima, akachonga maandishi ya Kurani juu ya kaburi, kisha akauita mji wake kwa jina la mtumwa? Jina hilo ni la waliokuja baadaye, waliokuta kuta zimesimama msituni na wenyewe hawapo, wakaziita kwa walivyosikia au kwa walivyodhani. Hakuna maandishi ya kale yanayoutaja mji kwa jina hilo.

Wataalamu wanakisia kuwa mji ulijengwa yapata mwaka 1350, na kwamba haukukaa ila miaka kama mia moja hivi, ukahamwa. Mwaka 1972, James Kirkman, yule Mwingereza aliyechimba Gede na aliyekuwa msimamizi wa Ngome ya Yesu hapa Mombasa, aliuchimba na kufyeka msitu uliokuwa umeumeza. Leo zinaonekana nyumba nne zinazotambulika vizuri, misikiti minne na lile kaburi. Nyumba zenyewe nazo hazina majina ya wenyewe. Iko Nyumba ya Milango Mingi, wasemayo huenda ilikuwa ya kulaza wageni. Iko Nyumba ya Jiko. Iko Nyumba ya Mabirika Mengi, ambayo ilijengwa kwa awamu tatu. Hayo ni majina ya mchimbaji, aliyeita kitu kwa alichokiona, kama unavyomwita mtoto usiyemjua, "wewe mwenye kanzu nyeupe." Simlaumu. Angefanyaje, na wenyewe tumenyamaza?

Na wenye mji huo hawakuwa watu duni. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe, yakashikwa kwa chokaa iliyochomwa na wao wenyewe. Vyumba vyao ni virefu na vyembamba, kwa sababu chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari. Vyoo vyao na mahali pa kuogea vimo ndani ya nyumba. Walichagua mahali penye maji baridi, penye kupigwa na upepo wa kaskazi na wa kusi, na pasipo na bandari, kwa hivyo chombo kikubwa hakikuweza kuwajia ghafula. Majahazi yalitia nanga mbali, au pengine yaliingia kwenye mkono wa Mtwapa. Katika msikiti wa pwani pana alama za chumba cha wanawake, waliotengewa mahali pao pa kusali zaidi ya miaka mia tano iliyopita. (Nawaambia hayo wale wajengao misikiti yetu mipya wakasahau jambo hilo, kisha wakasingizia nafasi.)

Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu akaendelea na safari yake ya Kilwa. Usiku mmoja! Na katika usiku huo mmoja aliona na kuandika kuwa watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu na waaminifu. Kuwa misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kuwa penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kifupi, na mwenye kutaka kuingia huchota maji akaosha miguu yake, akaifuta kwenye kipande cha mkeka. Akataja ndizi na samaki, akataja na tunda linalofanana na zaituni, ambalo bila shaka ni hizi zambarau zetu. Basi ukienda Jumba ukayaona yale mawe ya kusugulia nyayo, unaiona desturi ile ile, umbali wa safari fupi kutoka alikolala, pengine miaka ishirini tu baada yake. Laiti angelala usiku wa pili, akapanda kwa nchi kavu upande wa Kisauni na kwenda mbele! Lakini hakulala. Mtu wa Tanja wa usiku mmoja ndiye shahidi wetu, na sisi tuliokaa maisha yetu yote hatukuacha mstari uliotufikia.

Yule mgeni, tulipokwisha kuzunguka, alikaa juu ya ukuta mfupi akanisimulia kwao. Alikuwa mwalimu aliyestaafu, na kwao ni Poland, katika mji mdogo uitwao Kazimierz Dolny, kando ya mto Wisła. Alipotaja mfalme Kazimierz, nalitega sikio. Mfalme huyo alitawala tangu mwaka 1333 hadi 1370, na Wapoland wana msemo juu yake kwamba aliikuta nchi yao ya mbao akaiacha ya mawe. Tazama basi, msomaji: miaka ile ile ambayo Ibn Battuta anaikuta misikiti ya Mombasa ni ya mbao na watu wa Jumba wanajenga yao kwa mawe, huko Ulaya, kwa watu ambao hapana hata mmoja wao aliyepata kutusikia, mbao zinaondoka na mawe yanaingia.

Kazimierz ni mji mdogo kwelikweli. Wakazi wake hawafiki elfu nne. Ulipata utajiri kwa nafaka. Walijenga maghala makubwa ya mawe kando ya mto, na mashua zikabeba ngano kuteremka nayo mpaka Gdańsk, penye bahari, kama vile mtama wa bara letu ulivyoshuka pwani na kuingia majahazini. Uwanjani pana nyumba mbili za ndugu wawili matajiri wa ukoo wa Przybyła, zilizojengwa mwaka 1615 na kuchongwa mbele yake sanamu kubwa za watakatifu wao. Unaona tofauti? Miaka zaidi ya mia nne imepita, na mwalimu yule alinitajia ukoo wa wenye nyumba na mwaka wa kujengwa, hakufungua kitabu. Mimi nimekaa Kiembeni, napita Jumba kila mwaka, na simjui hata mtu mmoja aliyelala katika nyumba zile.

Lakini hakunisimulia sifa tupu, na hapo ndipo nilipompenda. Aliniambia kuwa mji wao una majina mawili. Wakristo wa Poland waliuita Kazimierz, na Mayahudi, ambao kabla ya vita vya pili vya dunia walikuwa karibu nusu ya watu wote wa mji, waliuita Kuzmir katika lugha yao. Mwaka 1942 Wajerumani waliwatoa Mayahudi hao mjini wakaenda kuwaua. Mawe ya makaburi yao yaling'olewa, yakatandazwa chini kuwa sakafu ya ua, watu wakayakanyaga kwa viatu. Mwaka 1984 vipande vya mawe hayo vilikusanywa vikajengwa ukuta mmoja mkubwa mahali penye makaburi, ukaachwa na ufa toka juu hadi chini. Mwalimu alisema alipokuwa mtoto hakuna mtu mzima aliyemtajia jina la Kuzmir. Alilisoma ukubwani.

Mwaka 1944 Warszawa, mji mkuu wao, ulivunjwavunjwa na Wajerumani ukawa vifusi. Walipotaka kuujenga upya mji wa kale walitafuta, pamoja na mengine, picha zilizochorwa na Bernardo Bellotto karne ya 18, wakatazama dirisha lilikuwa wapi na paa lilikuwaje. Mwaka 1980 mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ijapokuwa matofali yake mengi ni ya juzi. Kilichohifadhiwa ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo iliyojenga matofali. Sisi matofali tunayo. Mawe ya Jumba ni yale yale ya karne ya 14. Tulichokosa ni hicho kingine.

Nilirudi nyumbani nikataka kutunga. Ndiyo kazi yangu kwa miaka thelathini, na nimetunga juu ya mambo mepesi kuliko hilo: juu ya vivuko, juu ya bei ya unga, juu ya shemeji yangu. Nikakaa barazani na kalamu. Utenzi wa mji huanza kwa kuuita mji, kama unavyomwita mtu ukitaka kuzungumza naye. Nikaita nini? "Ewe Jumba la Mtwana"? Ni sawa na kumwita babu yako kwa jina la utani alilopewa na jirani baada ya kufa. Nalivunja kalamu mara tatu kisha nikaacha.

Nikajiuliza, mbona jirani yake, Mtwapa, hakupotelewa na jina? Mtwapa nao ni mji wa mawe, nao ulihamwa, kati ya karne ya 18, ukamezwa na msitu. Lakini waliohama walihama na jina lao. Katika Tisa Taifa za Mombasa wamo Wamtwapa, kama walivyomo Wajomvu na Wakilifi, na mpaka leo yuko mtu mjini atakayekuambia mimi ni Mmtwapa, baba yangu na babu yangu. Ukuta ulianguka, taifa likabaki. Wa Jumba walikwenda wapi? Biashara iliwakatikia, au walivamiwa, au maji ya visima yalikauka. Hayo ndiyo yanayokisiwa. Pengine waliingia Mtwapa, pengine Mombasa, wakaoana na wenyeji, wakachukua jina la wenyeji, na wajukuu wakasahau. Huenda mimi ni mjukuu wao. Huenda ni wewe.

Mwaka 2023 kulitolewa utafiti mkubwa katika jarida la Nature, ambao miongoni mwa wakuu wake ni Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyeichimba Mtwapa kwa miaka mingi. Walichunguza chembe za urithi katika mifupa ya watu themanini waliozikwa katika miji ya pwani, Mtwapa ikiwamo, kati ya miaka 1250 na 1800. Wenyeji waliombwa ruhusa kwanza, na mifupa ikazikwa tena. Lililoonekana ni kwamba wengi wao mama zao wa asili walikuwa Waafrika, na katika asili ya Asia mlikuwa na Waajemi wengi, hasa wanaume, pamoja na Wahindi kidogo, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Damu ya Uarabuni ilizidi kuingia baada ya mwaka 1500. Wale waliotucheka miaka mingi kwa kusema kuwa hadithi za Washirazi ni uongo wa kujikweza, sasa wameinamisha vichwa kidogo. Na wale wetu waliojifanya hawana bibi wa Kiafrika nao wainamishe vyao. Mimi nalifurahi pande zote mbili. Lakini hata hapo, mifupa imetaja asili ya mama na asili ya baba, haikutaja jina. Jina halimo mfupani. Jina humo mdomoni au katika karatasi, na vyote viwili vyahitaji mtu wa kuvilinda.

Wako watakaosema kuwa shida ni uchache wa waandishi. Si kweli. Kilwa imeacha tarehe yake, Pate imeacha yake, na kwa hati za Kiarabu tumeandika Kiswahili kabla ya Mzungu kuja na herufi zake. Tena tazama wenzetu Mijikenda, ambao zamani hawakuwa na hati yoyote. Muulize mzee wa kaya. Atakutajia Kaya Fungo, Kaya Kambe, Kaya Ribe, nani aliingia kwanza, lango liko wapi, mti gani haukatwi. Makaya yao yaliingia katika urithi wa dunia mwaka 2008, na Gede, mji wetu wa mawe, ilingoja mpaka mwaka 2024. Kwao palikuwa na mzee ambaye kukumbuka ni kazi yake, amekabidhiwa, na akifa hukabidhi. Sisi wa kalamu tulitegemea kalamu, kisha kalamu tukaiachia mchwa.

Hapa sina budi kusema yangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na chuo, daftari nene la hati za Kiarabu, alimoandika aliyezaliwa na aliyekufa, nani amemkopesha nani, chombo gani kimezama, mvua ya mwaka fulani ilianza lini. Nami nilikisoma chuo hicho utotoni, kwa kuwa nalisomeshwa chuoni kabla ya skuli, na hati ile naliijua kuliko herufi hizi ninazoandikia leo. Baba alipokufa nalikirithi mimi. Nilipohamia Kiembeni nyumba ilikuwa haijamalizika, nikakitia katika sanduku la mbao pamoja na makaratasi mengine, nikaliweka chini, juu ya udongo mtupu. Nikasema wiki ijayo nitaliinua. Ilipita miaka miwili. Nalipolifungua nalikuta jalada, na ndani yake unga. Sikumwambia mtu. Dada yangu mkubwa aliniuliza kabla hajafa siku ya kuzaliwa mama yetu, akitaka kuijua tu, nikamwambia nitatazama chuoni. Nalijua hakuna cha kutazama.

Kwa hivyo sisemi na msomaji kama mtu aliye juu ya mimbari.

Mwaka juzi, hapa hapa Kiembeni, kiwanja kimoja kiliuzwa. Zamani palikuwa na miembe na mikorosho, na jina la mtaa wetu lenyewe lasema palikuwa na nini. Kijana aliyekinunua alipofyeka alikuta kaburi la matumbawe, dogo, limechongwa kidogo upande wa kichwani, mashariki kama inavyostahiki kwa maiti wa Kiislamu anayelazwa kuelekea kibla. Naye ni kijana mwenye adabu. Hakulivunja. Alimwita mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa akatuita sisi watu wazima sita. Tukasimama tukilizunguka, tukasoma Fatiha. Kisha kijana akauliza, kwa heshima kabisa, "Wazee wangu, hili ni kaburi la nani?"

Ni swali la yule mwalimu wa Kazimierz, na jibu lilikuwa lile lile. Mmoja wetu alisema ni sharifu. Mwengine alisema si sharifu, ni wa kina fulani waliokwenda Takaungu. Wa tatu alisema bibi yake alikuwa akipita hapo akishika kichwa, lakini hakumbuki kwa nini. Kijana alingoja. Alikuwa tayari, nina yakini, kuacha nusu ya kiwanja kama tungalimpa jina, maana jina lina warithi, na warithi wana haki, na haki ina sheria. Bila jina tulikuwa wazee sita na jiwe. Akaacha nafasi ya hatua nne, akajenga ukuta kulizunguka, akainua ghorofa zake. Sasa kaburi liko baina ya tangi la maji na ukuta, na juu yake hupita kamba ya kuanikia nguo. Kila nikipita namwamkia aliyelala pale, na simjui ni mwanamume au mwanamke.

Hilo ndilo linalonifanya niandike leo, maana watu wa upande huu wa Kisauni tumekuwa tukilia juu ya ardhi tangu kuzaliwa kwangu. Tunasema hapa ni petu. Wakituuliza mpaka ulipokuwa, twasema penye mbuyu, na mbuyu umekatwa. Wakituuliza kisima cha nani, kila mtu ana babu yake. Mwenye hati anakuja na karatasi moja, nasi tunakuja na machozi, kisha twashangaa karatasi ikishinda. Sisemi kuwa karatasi ni haki sikuzote. Zimo zilizoandikwa usiku. Nasema kuwa dhidi ya karatasi mbaya dawa yake ni karatasi njema, yenye majina, iliyoandikwa mapema wakati wenye kujua wangali hai.

Nina rai, na si za gharama. Kila msikiti wa Kisauni una kamati, na kila kamati ina daftari la michango. Liongezwe daftari la pili. Litiwe majina ya waliojenga, ya maimamu tangu wa kwanza, ya waliozikwa karibu, ya visima na mitaa ya kale kabla haijaitwa "estate" hii na ile. Walimu wa madrasa wawape watoto kazi wakati wa likizo: nenda kwa bibi yako, uandike majina kumi. Wenye vyuo vya babu zao ndani ya masanduku wasiviuze kwa wageni wala wasivifiche. Simu kila mtu anayo, apige picha kila ukurasa ampe na nduguye, ili mchwa wakila kimoja kibaki kingine. Nao wenye mamlaka juu ya makumbusho, ambao hulitunza Jumba kwa kadiri ya uwezo wao, waandike pale langoni kwa Kiswahili, bila haya, kwamba jina la asili la mji huu halijulikani. Mtoto wetu akifika alione pengo hilo, aende nalo nyumbani, aulize.

Na aya iliyochongwa kwenye kaburi la Jumba, ya 185 katika Sura ya Aal Imran, ile isomwayo kila penye msiba, iko pale pale mawe yalipowekwa. Mwenye kaburi alichagua neno la Mola wake, na hapana aliye bora wa kuchagua. Nimeisoma mara nyingi kwa kidole. Kila mara kidole kikifika mwisho wa maandishi huendelea kidogo kwenye jiwe tupu, kikitafuta.

Juma lililopita nilinunua daftari gumu la kurasa mia mbili, nikaenda Utange kwa bibi mmoja ambaye ni shoga wa marehemu mama yangu. Haoni tena vizuri, lakini akili yake ni kaskazi tupu. Nalimwamkia, nikakaa chini kwenye jamvi, nikamwambia nataka majina ya visima vya zamani, toka Kiembeni mpaka Shanzu. Akanicheka. Akasema, "Miaka yote hiyo watunga mashairi ya watu na harusi zao, leo ndio waja kwa visima?" Kisha akaanza. Alikwenda kwa miguu kichwani mwake, kisima hata kisima, huku akielekeza kwa mkono upande wa kila kimoja kana kwamba ukuta wa chumba haupo. Alinipa kumi na saba. Kila kimoja na aliyekichimba, na kama maji yake yalikuwa matamu au ya chumvi.

Alipochoka aliniambia nimsomee. Nikamsomea polepole. Kwenye kisima cha tisa aliinua kiganja.

"Hapo umekosea, mwanangu. Hakikuchimbwa na mume, kilichimbwa na mke. Mume alikuwa safarini. Futa."

Nikafuta, nikaandika jina la mke, akaniambia nisome tena toka mwanzo.